Kichaka Kilichonyolewa Kila Jumamosi

Asubuhi ya Jumamosi, kama Jumamosi nyingine zote tangu alipotoka hospitali, Mkunga alikaa kitandani ameegemezwa mito mitatu, akamtazama mumewe kupitia dirishani akikinyoa kichaka.

Si kukipogoa. Kukinyoa. Kuna tofauti, na mtu yeyote mwenye akili zake angeiona, isipokuwa huyo mwenye mkasi. Kwanza alitandika chini lile shuka lake jeupe la kazini, alilowafunga wateja shingoni kwa miaka arobaini, ili majani yasichafue uwanja. Kisha akatoa kitana kwenye mfuko wa shati. Akakichana kichaka. Naam, alikichana, toka chini kwenda juu, na kila kijiti kilichochomoza akakibana kati ya vidole viwili, akakikata, akapuliza. Halafu akarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa upande huu na upande ule. Kilichobaki ni kukishikia kioo kwa nyuma na kukiuliza kama kimeridhika.

"Baba Mapacha!" Mkunga aliita. "Ziache hizo ncha! Maua yanatoka kwenye ncha!"

"Naweka sawa tu, Mama Mapacha. Naondoa zilizopitiliza."

"Zilizopitiliza ndizo maua yenyewe!"

"Mvumilivu hula mbivu," alijibu Kinyozi kwa upole, akakata nyingine.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo ya Mkunga ilikuwa ulimi tu. Aliupiga mto ngumi. Mto haukuwa na kosa lolote.

Mtaani walimwita Mkunga mpaka watu walisahau jina lake, maana nusu yao walitokea mikononi mwake. Mumewe walimwita Mkono Mwepesi. Katika miaka yote ya kunyoa hakuwahi kumtoa mtu damu. Watoto waliokuwa wakilia kwa vinyozi wengine walisinzia kwenye kiti chake. Mkunga mwenyewe aliolewa naye kwa sababu ya mkono ule, na kwa muda mrefu hakuona kama kuna hasara ndani yake.

Kile kichaka kilikuwa chake, si cha mumewe. Alikinunua siku aliyostaafu, kikiwa mche mdogo ndani ya kopo la rangi, na muuza miche akamwambia hiki ni kichaka cha vipepeo, ukipande penye jua la kutwa na pasipotuama maji, halafu usikionee huruma. Hilo la mwisho Mkunga alilielewa upesi kuliko mengine. Kila mwaka baridi ilipokuwa inaisha, kabla ya mvua, alichukua msumeno akakikata mpaka usawa wa magoti. Wapita njia walimsikitikia. Lakini baada ya wiki chache visiki vilitoa machipukizi, machipukizi yakawa fimbo, na kwenye ncha ya kila fimbo kikatokea kishada cha zambarau chenye harufu ya asali. Hapo vipepeo walikuja, wa njano, weupe, na wale wakubwa weusi wenye madoa, wakajaa mpaka ukasema kichaka chenyewe kinataka kuruka.

Mwaka huu baridi ilipokuwa inaisha, Mkunga alikuwa amelazwa hospitalini na vyuma kwenye nyonga. Aliteleza bafuni. Kipande cha sabuni, basi, mtu aliyevuka mengi akaangushwa na kipande cha sabuni. Daktari aliyemfunga vyuma alimwambia wazi, mbele ya mumewe: "Mama, mfupa utaunga wenyewe. Kutembea hakutakuja kwenyewe. Usipoufundisha mguu ndani ya miezi sita, hutatembea tena bila kubebwa."

Sasa ulikuwa mwezi wa tano, na ulikuwa unaishia.

Mtu wa kuufundisha huo mguu alikuja mara moja tu. Alikuwa binti mwembamba wa mazoezi ya viungo, mwenye sauti ndogo na mikono ya chuma. Alikuja Jumanne ya kwanza, akamsimamisha Mkunga, akampa kile kifaa cha kutembelea chenye miguu minne, ambacho Mkunga alikibatiza papo hapo kuwa mbuzi, na akamtembeza hatua nne. Hatua nne hizo Mkunga alipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Katika kelele hizo alimwita binti mchawi, na mengine ambayo hayafai kurudiwa. Binti alimfuta jasho, akasema, "Tutaonana Ijumaa, mama," akaenda zake.

Ijumaa hakuja. Jumanne hakuja. "Hospitalini wana kazi nyingi," Kinyozi alisema, huku akimpangia mito.

Mkunga hakuuliza zaidi, kwa sababu aliona aibu. Yeye ambaye aliwaambia wanawake mamia kwa mamia, "Lia ukitaka, lakini sukuma," leo kapiga hatua nne na kumtukana mtoto wa watu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Alikuwa akiwatajia wengine methali hiyo, sasa ikamrudia. Alijilaza akiamini kwamba binti amemkatia tamaa, na usiku na mchana aliihesabu miezi.

Kinyozi alifunga duka ili amuuguze, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuuguzwa vile. Uji ulikuja ukiwa umepozwa. Shuka lilinyooshwa kabla halijakunjamana. Akitaka maji, kikombe kilikuwa tayari mdomoni. Akijaribu kushusha mguu mmoja sakafuni, mzee alitokea kama aliyeitwa kwa filimbi. "Taratibu, Mama Mapacha. Leo pumzika. Kesho ipo." Mbuzi alisukumwa mpaka kwenye ukuta wa mbali, na sasa kazi yake ilikuwa kuanikia taulo.

Kichaka nacho kilipata matunzo yale yale. Maji asubuhi, maji jioni, mpaka majani ya chini yakageuka manjano kwa kulowa. Samadi ndoo nzima, kwa kitu kinachopenda udongo wa kawaida tu. Na kila Jumamosi, mkasi. Kukikata chini kabisa, kama Mkunga alivyomwagiza tangu kitandani hospitalini, mzee hakuthubutu. "Sijawahi kumnyoa upara mtu ambaye hajaniomba," alisema, na alisema kwa fahari. Basi kichaka kikawa na miguu mirefu mikavu ya mti, na juu kofia ya majani, mviringo safi kabisa, bila ua hata moja.

Kilichomtia Mkunga uchungu zaidi kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Miaka miwili nyuma alimpa jirani, dereva wa lori, kijiti kimoja cha kichaka chake. Dereva alikichomeka karibu na geti, akakisahau. Hakukimwagilia maji hata siku moja. Na mwisho wa baridi mwaka huu, akirudi nyuma na lori lake, alikikanyaga mpaka kikabaki visiki. Alisema, "Aah, basi tena," akaingia ndani kulala. Sasa kichaka hicho kilikuwa kimepanda juu ya ukuta, kimesheheni vishada. Vipepeo walipita juu ya uwanja wa Mkunga bila kutua, kama wageni wanaopita mlangoni kwako kwenda kula kwa jirani.

"Lori!" Mkunga alimwambia mumewe. "Lori linajua kupogoa kuliko wewe!"

Kinyozi aliumia kwa neno hilo. Jumamosi iliyofuata alinoa mkasi, akarudi kwenye ncha zake.

Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini Jumamosi hii tunayoisimulia, kabla shuka jeupe halijakusanywa, sabuni ya kufulia iliisha, na Kinyozi akatoka kwenda dukani, mkasi ukiwa juu ya shuka na nusu ya kichaka ikiwa haijanyolewa. Ndipo Dereva alipogonga fremu ya dirisha. Alikuwa ameshika vishada vitano vya zambarau, amevifunga kwa kipande cha waya.

"Shikamoo, Mama. Nimeona vinafaa kukaa kwako, maana mama wa kichaka changu ni hiki chako."

"Marahaba, baba. Umefanya vizuri." Mkunga alivipokea, akavinusa, akahisi machozi yakimjia, akayakatalia. "Wewe ndiye fundi. Huku kwangu kuna saluni."

Dereva alicheka. Kisha akasema, kwa wema tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Na zile siku zako za kuzidiwa, Mama, bado? Namsikitikia yule binti wa mazoezi. Kila Jumanne, kila Ijumaa, namwona pale getini mzee anamwambia umelala, hujiwezi. Jana alikaa pale nusu saa nzima anambembeleza. Anasema muda unakwisha."

Vishada vilikuwa mikononi mwa Mkunga na harufu ya asali ilimwingia mpaka kichwani.

"Jana?" Mkunga aliuliza.

"Jana, Mama. Na Jumanne. Hakosi yule." Dereva alimtazama usoni, akatambua kwamba amefungua kitu ambacho hakukijua. "Basi, Mama, naona niende. Nimeacha... nimeacha injini."

Hakuna injini iliyokuwa ikiunguruma popote. Alikwenda haraka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mkunga alikaa na methali hiyo kifuani kama mtu aliyemeza kipande cha moto. Miezi mitano! Miezi mitano akijilaumu kwa kelele zake, akimwomba msamaha moyoni binti ambaye muda wote alikuwa getini anasihi aruhusiwe kuingia. Hasira ilimpanda kwa namna ambayo hajawahi kukasirika, hata siku mapacha wake walipotanguliza miguu na gari la wagonjwa likakosa mafuta. Alitaka kuita. Kisha akafikiri, nimwite nani? Nikimwita atakuja na mto.

Geti lililia. Kinyozi alirudi na sabuni yake, akaiweka dirishani kwa nje, akamtabasamia, akaokota mkasi. Kitana kikatoka mfukoni.

Mkunga aliondoa shuka miguuni.

Mguu mzima ulitangulia sakafuni, ule wa vyuma ukafuata. Sakafu ilikuwa baridi. Alishika ukingo wa kitanda, akainuka, na maumivu yakamshika nyongani kama jino linalong'olewa. Hakupiga kelele. Safari hii alizitunza. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti ni hatua mbili. Alizipiga akiwa ameshika kitanda kwa mkono mmoja, kiti kwa mwingine. Kutoka kwenye kiti hadi kwa mbuzi hapakuwa na cha kushika. Hatua moja, hewani.

"Haya, mama," alijiambia, kwa sauti ile ile aliyowaambia wengine kwa miaka thelathini. "Mficha uchi hazai. Haya."

Akamdaka mbuzi, taulo zikaanguka. Alizikanyaga, akapita.

Korido. Jikoni. Kila hatua aliinua mbuzi, akamtua, akamfuata. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na vipandio viwili, na aliviona virefu kama ghorofa. Alimshusha mbuzi kwanza. Alishusha mguu mbaya. Hapo sauti ilimtoka, si kelele, ila mngurumo, na Kinyozi akageuka.

Mkasi ulimwanguka. "Mama Mapacha! Yarabi! Usi..." Akaja mbio, mikono imenyooshwa.

"Usiniguse!"

Kinyozi alisimama hatua moja kutoka kwake, mikono ikabaki hewani, vidole vimetanuka, havijui pa kwenda.

"Yule binti," Mkunga alisema. Pumzi zilimkata. "Alikuja jana."

Kinyozi aliteremsha mikono polepole. Uso wake ukawa uso wa mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Alikuja Jumanne. Alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa ya Mungu. Na wewe ukaniambia wana kazi nyingi."

"Nilitaka... Siku ile ya kwanza ulilia. Nilikuwa jikoni, nikakusikia. Nikasema, huyu mtoto anamuua mke wangu ndani ya nyumba yangu. Mimi siwezi kukusikia ukilia vile. Siwezi, Mama Mapacha. Kila nikienda getini nasema leo nitamfungulia. Nikimwona tu, nazisikia kelele zako."

"Nililia kwa sababu inauma!"

"Ndiyo. Ndiyo maana..."

"Na mapacha? Unafikiri hawakuuma?"

"Siku ile sikuwepo," alisema kwa sauti ndogo. Ilikuwa kweli, na mtaa mzima ulikumbuka: siku ile alikimbilia dukani akanyoa watu bure mpaka alipoletewa habari.

"Hukuwepo. Na ni heri hukuwepo. Ungekuwepo ungewarudisha!"

Kutoka upande wa pili wa ukuta ilisikika sauti ya mtu aliyekuwa akijizuia kucheka, akashindwa, akaigeuza kuwa kikohozi. Hakuna aliyemjali.

Kinyozi alikuwa analia. Hakujificha. Machozi yalishuka kwenye mashavu aliyoyanyoa mwenyewe asubuhi ile, safi, bila mkwaruzo. Mkunga alimhurumia, na kumhurumia huko kukamwongezea hasira, maana huruma ndiyo iliyowafikisha pale.

"Nimebakiwa na wiki nne," alisema. "Nne. Ulizonilia siwezi kuzirudisha. Lete msumeno."

"Msumeno wa nini?"

"Lete."

Alileta. Mkunga alikuwa ameshafika kando ya kichaka, hatua sita kutoka kwenye vipandio, ameegemea mbuzi kwa mikono yote miwili. Alitaka akate mwenyewe. Alijaribu kuachia mkono mmoja, mbuzi akayumba, akaurudisha. Hilo nalo lilimuudhi. Duniani kote hakukuwa na kitu kimoja siku hiyo ambacho hakikumuudhi.

"Kata wewe. Mimi nitasimama."

"Ngoja nikuletee kiti kwanza."

"Nimesema nitasimama. Kata."

Kinyozi alipiga magoti juu ya shuka lake jeupe. Aliweka msumeno kwenye tawi, juu, karibu na kofia ya majani. "Hapa?"

"Chini."

"Hapa?"

"Chini, Baba Mapacha. Usawa wa goti langu. Si unaliona goti? Limesimama hapa kwa ajili yako."

Alifumba macho, akakata. Tawi la kwanza lilianguka na mviringo wake wote. La pili. La tatu. Kila moja alilipokea mkononi na kulilaza juu ya shuka kama anayelaza mgonjwa. Moja lilikuwa kahawia mpaka ndani, kavu kama kuni, na Mkunga akamwambia hilo aliondoe mpaka kwenye shina. Alipomaliza, vilibaki visiki saba vibaya, vyenye vidonda vyeupe, na uwanja ukaonekana mkubwa na mtupu.

"Kimekufa," alisema Kinyozi.

"Kikwangue kwa ukucha."

Alikwangua kisiki kimoja kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo tu, kwa mkono wake ule mwepesi. Chini ya gome palikuwa na kijani kibichi, chenye maji.

"Kitaota?"

"Sijui. Muda wake umepita. Labda kitaota, labda umekichelewesha mno. Maji usikipe tena mpaka nikwambie." Mkunga alikuwa amemlalia mbuzi kwa uzito wote. Alijua bado ana ile njia yote ya kurudi, na vipandio viwili vya kupanda.

Kinyozi aliona jinsi alivyomlalia. Alifungua mdomo, na Mkunga alijua neno lililokuwa nyuma ya meno yake: pumzika. Aliufunga tena.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma sana."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda mbele yake, akafungua mlango wa jikoni wazi kabisa, akaokota taulo sakafuni ili asikwazike, akajibanza ukutani ampishe. Kurudi kitandani kulichukua karibu nusu saa. Kinyozi aliitumia yote akiwa ameuma kona ya taulo.

Jumanne, geti lilipogongwa, Mkunga alisikia komeo likivutwa. Alisikia sauti ya mumewe ikisema, "Karibu, mwanangu. Yupo macho. Anakusubiri." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Akikutukana, nisamehe mimi."

Binti aliingia, akamsalimu kama aliyeonana naye jana, akamweka mbuzi mbele yake. "Leo hatua kumi, mama."

Wakati anainuka, Mkunga alitupa jicho dirishani. Kinyozi alikuwa amesimama uwanjani, kando ya visiki saba ambavyo bado havikuwa na hata jani moja, mgongo ameuelekeza nyumbani, amejiziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Hatua ya kwanza iliuma. Ya pili ikauma zaidi. Mkunga alipiga kelele, na kwa kuwa bado alikuwa na hasira zake za miezi mitano, aliipandisha sauti kidogo juu ya maumivu yenyewe, mpaka mbwa wakaitikia.

Mabega ya mzee yaliruka. Lakini hakugeuka.